Mlo wa familia ufuoni Kisumu: Meza ni ileile, vilivyo juu yake vimegeuka

MGENI anayefika Kisumu kwa mara ya kwanza hakawii kuulizwa na wenyeji wake iwapo ameshaonja samaki wa ziwa. Kwa wakazi wa jiji hilo lililo kwenye Ghuba ya Winam, chakula cha mchana kandokando ya Ziwa Victoria si anasa ya watalii peke yao. Ni desturi ya Jumapili baada ya ibada, ya sikukuu, ya kumpongeza mtoto aliyefaulu mtihani na ya kumlaki jamaa aliyerejea kutoka mbali.

Familia huketi chini ya paa la mabati au la makuti, baba na mama upande mmoja, watoto upande wa pili, nyanya akiwa amepewa kiti chenye egemeo. Samaki huletwa mzima sahanini, ugali ukifuka moshi, na kwa watu wazima wanaotaka huletwa pia chupa ya bia. Ziwa lenyewe liko hatua chache tu mbele yao.

Lakini mlo huo unaoonekana wa kale una mambo mengi mapya. Katika muda usiozidi umri wa mtu mmoja, samaki amebadilika, pombe imebadilika, na mahali penyewe pa kulia pamehamishwa zaidi ya mara moja. Anayeujua mkondo wa mabadiliko hayo hujua pia anachokilipia, na huelewa kwa nini mustakabali wa meza hiyo haujulikani.

NAMNA MLO UNAVYOANDALIWA

Katika hoteli nyingi za ufuoni mteja hapewi orodha ya vyakula kwanza. Huongozwa hadi kwenye sinia au beseni walimopangwa samaki wabichi, akachagua kwa macho, akapatana bei kulingana na ukubwa, ndipo akarudi mezani kusubiri. Subira hiyo aghalabu huchukua nusu saa au zaidi, na ndiyo inayoifanya ziara hiyo kuwa ya mazungumzo kabla ya kuwa ya chakula.

Samaki huparwa magamba, hutumbuliwa, hukatwa mikato mbavuni ili chumvi na joto vipenye, kisha hutumbukizwa katika mafuta yanayochemka hadi ngozi ikauke na kuwa ya hudhurungi. Anayetaka mkavu huletewa hivyo hivyo pamoja na kachumbari na ndimu. Anayetaka wa mchuzi hurudishiwa samaki huyo jikoni, akatiwa katika rojo ya nyanya, vitunguu na dania, akaachwa atokote kidogo.

Kando yake huwepo ugali wa mahindi, au ule wa rangi ya udongo uliochanganywa mtama, wimbi au muhogo. Mboga huwa sukuma wiki, au mboga za kienyeji kama vile mnavu, ambao Wajaluo huuita osuga, na mrenda, ambao wao huuita apoth. Maji ya kunawa huletwa mezani kwa birika, kwani mlo huu huliwa kwa mkono. Mkono ndio unaohisi mwiba kabla haujafika mdomoni, na mzazi humtolea mtoto mdogo nyama ya mgongoni iliyochambuliwa.

JINA LA KALE, SAMAKI MPYA

Kilicho sahanini mara nyingi huitwa ngege. Jina hilo ni la kweli, ila samaki aliyelibeba zamani si huyu. Ngege wa asili, anayejulikana na wanasayansi kama Oreochromis esculentus, alikuwa mmoja wa samaki waliopendwa kuliko wote katika ziwa hili kabla ya ukoloni na katika miaka yake ya mwanzo. Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mnamo Desemba 1901, samaki alipata soko la mbali. Mnamo 1905 zikaletwa nyavu za kitani zilizoweza kunasa wengi kuliko mitego na nyavu za kienyeji.

Haikupita miaka mingi ngege akaanza kupungua. Kati ya 1927 na 1928 mtaalamu Mwingereza, Michael Graham, alilifanyia ziwa uchunguzi wa kwanza mkubwa wa uvuvi. Katika ripoti yake ya 1929 alipendekeza kwamba matundu ya nyavu yasiwe chini ya inchi tano. Aidha alionya kwamba kuleta ziwani humo samaki mkubwa alaye wenzake kutoka kwingineko kungekuwa hatari kubwa.

Onyo hilo halikuzingatiwa. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziwa lilipandikizwa samaki wa kigeni. Mmoja alikuwa Oreochromis niloticus, ambaye Wajaluo humwita nyamami na Watanzania humwita sato. Mwingine alikuwa mbuta, yule ambaye Watanzania humwita sangara, samaki anayeweza kufikia uzito wa kilo 200.

Kwa takriban miaka 20 mbuta hakuonekana kuwa tishio. Ghafla, katika miaka ya 1980, idadi yake ikafumka. Samaki wadogo wanaoitwa fulu, waliokuwa wa spishi zipatazo 500, wakaanza kutoweka. Wataalamu hukadiria kwamba spishi zipatazo 200 zilipotea. Ningu, aliyekuwa akipanda mito kutaga mayai wakati wa mvua, tayari alikuwa amekuwa adimu kwa kuvuliwa mitoni.

Nyamami ndiye aliyerithi nafasi ya ngege, na sokoni akarithi hata jina lake. Mtoto wa leo anayesema amekula ngege Kisumu, kwa kawaida amekula nyamami. Ngege halisi hajatoweka kabisa duniani: amesalia katika maziwa madogo ya pembeni, mojawapo likiwa Ziwa Kanyaboli katika Kaunti ya Siaya, lililozungukwa na kinamasi cha Yala. Ndiyo maana wahifadhi hulitazama ziwa hilo dogo kama hazina.

MNOFU WA ULAYA, MGONGO WA OBUNGA

Mbuta aliharibu, lakini pia alileta fedha. Viwanda vya kukata minofu vilijengwa kandokando ya ziwa katika nchi zote tatu, na minofu hiyo ikasafirishwa hasa hadi Ulaya. Utegemezi huo ulidhihirika kati ya 1997 na 2000, pale Umoja wa Ulaya ulipozuia mara kadhaa samaki kutoka eneo hili kwa sababu za afya, ikiwemo hofu ya kipindupindu na ya sumu iliyotumiwa na baadhi ya wavuvi.

Kwa familia za kipato cha chini jijini Kisumu, soko hilo la nje lilikuwa na maana moja: mnofu ulikwenda ng'ambo, mifupa ikabaki. Mifupa hiyo yenye kichwa na nyama kidogo iliyosalia hukaangwa na kuuzwa kwa jina la mgongo wazi, na mtaa wa Obunga umejulikana kwa biashara hiyo. Hivyo basi, katika jiji moja, samaki mmoja amekuwa akilisha meza mbili zisizofanana.

Omena, yule samaki mdogo ambaye Watanzania humwita dagaa, ndiye wa asili aliyestahimili dhoruba hiyo. Huliwa majumbani kuliko hotelini, kwa nyanya na vitunguu, na ndiye kitoweo cha wengi wasiomudu samaki mkubwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya omena huishia katika viwanda vya chakula cha mifugo, na kwa njia hiyo kuku hushindana na watoto.

MAGUGU, MAFURIKO NA VIZIMBA

Sehemu ya ziwa iliyo Kenya ni ndogo, takriban asilimia sita tu, na sehemu kubwa yake ni ghuba isiyo na kina kirefu. Uchafu wa miji, udongo unaosombwa na mito na mbolea ya mashamba huingia humo na kukaa. Gugumaji lilianza kuonekana upande wa Kenya mnamo 1990 hivi, na kufikia 1998 lilikuwa limefunika takriban hekta 17,000 za ghuba. Wavuvi walishindwa kutoka, na hoteli za ufuoni zikawa zinatazamana na uwanda wa kijani badala ya maji.

Fukusi walao gugu hilo waliachiliwa upande wa Kenya mnamo 1997, na baada ya miaka michache gugu likapungua kwa kiasi kikubwa. Halijaisha. Hurejea kwa misimu, hasa baada ya mvua kubwa, na upepo ndio huamua siku gani litasogea pwani ipi.

Maji yenyewe nayo yamewahi kuwafukuza walaji. Mnamo Mei 2020 kina cha ziwa kilipanda kupita kiwango cha juu kilichowekwa mwaka wa 1964. Majengo mengi ya ufuoni, yakiwemo ya biashara ya chakula, yaliingiliwa na maji.

Vilevile kuna mkono wa serikali. Vibanda vya Lwang'ni, karibu na bandari, ndivyo vilivyokuwa maarufu kuliko vyote kwa mlo wa samaki wa bei nafuu. Jina lenyewe ni la nzi kwa lugha ya Kijaluo, na wateja walilitamka bila kinyongo. Vilibomolewa bandari ya Kisumu ilipokuwa ikifufuliwa kuelekea mwisho wa muongo wa 2010. Dunga, kusini mwa jiji, penye mafunjo na ndege wake, pamebaki kuwa mahali ambapo mteja anaweza kuona mashua ikiteremsha samaki na jiko likimpokea kwa wakati mmoja.

Samaki walipoadimika, pengo lilijazwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni samaki waliogandishwa kutoka China, ambao kwa bei yao nafuu walienea hadi masoko ya mwambao wa ziwa lenyewe. Mnamo 2018 serikali ilitangaza nia ya kuzuia uagizaji huo, lakini samaki hao waliendelea kuuzwa nchini miaka iliyofuata.

Njia ya pili ni vizimba, yaani nyavu zilizofungwa kwenye viunzi vinavyoelea, ambamo nyamami hufugwa kwa chakula cha dukani. Viko elfu kadhaa upande wa Kenya. Vimewapa wenye hoteli uhakika wa kupata samaki kila siku, ila navyo vina hatari yake: mnamo Novemba 2022 wafugaji wa Kisumu walipata hasara kubwa samaki wao walipokufa kwa wingi baada ya maji kupungukiwa na hewa ya oksijeni.

POMBE YA MTUNGI NA YA CHUPA

Katika miji mikubwa ya ulimwengu, na Nairobi katika karne hii, imekuwa mtindo mkahawa kuwa na mtambo wake mdogo wa bia, mteja akanywa kilichopikwa nyuma ya ukuta anaouegemea. Wazo hilo huonekana la kisasa. Kandokando ya Ziwa Victoria, kunywa mahali pale pale pombe ilipopikwa ndiko kulikokuwa kawaida tangu zamani.

Busaa, ambayo ni aina mojawapo ya kile Wajaluo hukiita kong'o, ilitengenezwa na wanawake nyumbani. Unga wa nafaka uliokandwa kwa maji uliachwa siku kadhaa uchachuke, kisha ukakaangwa juu ya bati au kaango pana hadi ukawa makombo ya hudhurungi. Kando yake wimbi lililoloweshwa liliachwa lichipue, likaanikwa na kusagwa kuwa kimea. Viwili hivyo vilichanganywa kwa maji, vikachacha kwa siku chache, na pombe ikawa tayari ingali na uvuguvugu na povu.

Wazee waliinywa wakiuzunguka mtungi mmoja, kila mmoja akiwa na mrija mrefu uitwao oseke. Ilikuwa na kilevi kidogo, haikuhifadhika kwa muda mrefu, na ilikuwa na wakati wake: mavuno, mahari, matanga. Mtoto aliiona ikipikwa lakini hakuketi mtungini.

Bia ya chupa ilikuja na ukoloni. Kampuni iliyokuja kuwa Kenya Breweries ilianzishwa Ruaraka, Nairobi, mnamo 1922. Mmoja wa waanzilishi wake, George Hurst, aliuawa na ndovu mnamo 1923, na bia ya Tusker ikapata jina lake kutokana na mkasa huo. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuinywa. Vizuizi hivyo vilianza kuondolewa katika miaka ya 1940.

Pombe za kienyeji nazo zilizidi kubanwa baada ya uhuru. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1980. Marufuku hayo hayakuimaliza. Yaliiingiza gizani, na gizani ndimo ilimotiwa sumu. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walifariki Nairobi baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na neno kumi kumi likawa la kutisha.

Katika hali hiyo ndipo mnamo 2004 ilipozinduliwa bia ya Senator, iliyopunguziwa ushuru ili iuzwe kwa bei ambayo mnywaji wa kipato cha chini angeimudu bila kuhatarisha maisha. Ilipopandishiwa ushuru mnamo 2013 mauzo yake yaliporomoka, hata serikali ikalazimika kuurudisha nafuu baadaye. Malighafi yake kuu ni mtama, na mnamo 2019 kiwanda kipya cha kuitengeneza, kilichogharimu Sh15 bilioni, kilifunguliwa Kisumu, katika jiji ambalo kiwanda cha awali cha kampuni hiyo kilikuwa kimefungwa miaka kadhaa kabla.

Hivyo mtama umerudi katika pombe ya ukanda wa ziwa, ila kwa mlango mwingine. Zamani mwanamke aliupanda, akauotesha na kuupika mwenyewe. Sasa mkulima huuza gunia, kiwanda hupika, na faida hugawanywa mbali na mtungi.

WATOTO NA MEZA YENYE BIA

Jambo linalozua mjadala zaidi kuhusu mlo wa ufuoni ni hili: je, inafaa watoto kuketi mahali ambapo pombe inauzwa? Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, iliyopewa jina la utani la Sheria ya Mututho kutokana na aliyekuwa Mbunge wa Naivasha, John Mututho, humkataza mwenye leseni kumruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kuingia katika sehemu pombe inapotengenezwa, inapohifadhiwa au inaponywewa. Sheria hiyo ndiyo pia iliyoifuta ile ya chang'aa ya 1980. Chini ya Katiba ya 2010, utoaji wa leseni za pombe ulikabidhiwa serikali za kaunti.

Hoteli za ufuoni hujaribu kulitatua suala hilo kwa kugawa nafasi: upande wa baa na upande wa familia. Ukuta kati ya pande hizo huenda ukawa wa mianzi, au usiwepo kabisa. Watetezi wa mpango huo husema mtoto anayemwona baba yake akinywa chupa moja na chakula, kisha akainuka na kwenda nyumbani, hujifunza kiasi. Wapinzani husema mtoto hujifunza kwamba hakuna furaha ya familia isiyo na pombe.

Mnamo Julai 2025 serikali ilizindua sera ya kitaifa kuhusu vileo na dawa za kulevya iliyopendekeza umri wa kuuziwa pombe uongezwe hadi miaka 21, na uuzaji wake uzuiwe katika mahali pengi, zikiwemo mikahawa na fuo za umma. Wafanyabiashara walilalamika, na mamlaka husika ikafafanua kwamba sera si sheria. Hata hivyo, kwa mwenye hoteli ya ufuoni mapendekezo hayo yanagusa pande zote mbili za biashara yake, kwa kuwa ni mkahawa na uko ufuoni.

YA KUZINGATIA KABLA YA KUAGIZA

Familia inayokusudia kula ufuoni inaweza kujifaidi kwa kuzingatia mambo machache.

Kwanza, samaki mbichi mwema ana macho maangavu yasiyodidimia, matamvua mekundu na nyama inayorudi ikibonyezwa. Samaki walio sinia nzima kwa kimo kimoja aghalabu ni wa kizimba. Hilo si kosa, ila mteja ana haki ya kuambiwa. Aliyekwisha kuparwa na kutumbuliwa kabla ya kuonyeshwa huenda alifika akiwa amegandishwa.

Pili, mbuta asiyefika sentimita 50 hapaswi kuvuliwa, kwa mujibu wa kanuni zinazozingatiwa na nchi za ziwa hili. Omena nao hupewa miezi ya kupumzishwa upande wa Kenya, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai. Anayemkataa mbuta mchanga mezani humsaidia mvuvi wa mwaka ujao.

Tatu, watoto wasiachwe wachezee maji ya ukingoni. Kichocho kipo katika mwambao wa ghuba hii, na konokono wanaokieneza hupenda maji yaliyotulia penye magugu. Maji ya ziwa yasinywewe, wala yasitumiwe kuosha matunda.

Nne, iwapo meza ina watoto, iombwe mapema sehemu isiyo ya baa, na atakayeendesha gari aamue kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa.

Mlo wa ufuoni umestahimili mengi: nyavu za kitani, mbuta, gugumaji, mafuriko na tingatinga. Umestahimili kwa sababu familia ziliendelea kuja hata kilichoandaliwa kilipobadilika. Lakini jina ngege haliwezi kulisha mtu. Iwapo Kanyaboli na kinamasi cha Yala havitalindwa, na iwapo ghuba itaendelea kupokea kila kitu kinachotupwa na miji na mashamba, watakuja wajukuu watakaoketi mbele ya ziwa lilelile wakila samaki aliyetoka bara jingine, na hawatakuwa na wa kuwaambia kwamba jina wanalolitaja lilikuwa na mwenyewe.